Maua Yaliyofungwa Uzi Mwekundu

Nakuru, mvua inapopungua

Mama Tabitha,

Kwa miaka yote niliyofundisha niliwaambia wasichana kwamba barua huanza kwa mahali na tarehe, kisha salamu, kisha mtu huuliza hali ya mwenzake kabla hajaeleza yake. Mahali nimepaandika. Mengine yamenishinda. Siwezi kukuuliza hali, na sijui ni salamu gani zinazokufaa huko uliko. Kwa hiyo nitaanza na jambo lililonifanya nishike kalamu.

Zukini zako zimeota. Zimeota zote kwa umbo lao lile la zamani, zimejikunyata chini kama kuku wanaoatamia, na hakuna hata shina moja lililotambaa.

Nilitaka ulisikie hilo kwanza. Sasa ninaweza kuandika mengine polepole.

Nyumba yenu ina watu wengine. Baba Tabitha alimaliza utumishi wake katika karakana ya reli, akafunga randa na misumeno yake ndani ya lile sanduku lake refu, akapanda gari la kwenda Voi. Nilikwenda stesheni kumsindikiza. Hakusema mengi, unamjua. Alisema tu kwamba baridi ya Nakuru imemwingia magotini, na kwamba amelizungushia kaburi lako fito za mbao, nami niziangalie zisianguke. Ninaziangalia. Mahali penu sasa anakaa kijana anayechochea moto kwenye gari moshi, pamoja na mkewe, Nora. Nora ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, na ana kuku wasiojua mpaka. Mfereji wa maji umehamishwa hadi mwisho wa landi hii ya watu wa reli, kwa hiyo ninachota mbali kuliko zamani. Vumbi jeupe la ziwani bado huja wakati wa kiangazi, likakaa juu ya sufuria na juu ya Biblia bila kubagua. Wigo uliopo kati ya nyumba zetu bado umesimama, ule alioupigilia Baba Tabitha kwa mbao za makasha. Pale ulipokuwa ukiegemeza kiwiko ukizungumza nami, mbao imelainika mpaka leo. Nora huanika vitambaa vya mtoto hapo. Siku ya kwanza alipovianika nilitaka kumkataza, kisha nikajiuliza nitamkataza kwa sababu gani, nikaingia ndani.

Juu ya mbao hiyo ndipo uliponipa mbegu zile za kwanza. Ulikuwa jirani mgeni, mmetoka Gilgil, kwenye shamba la mzungu ambako Baba Tabitha alikuwa seremala wakati wa vita vya Hitler. Ulinisimulia juu ya mfungwa wa Kitaliano aliyeletwa kujenga maghala ya shamba lile, mwashi mfupi aliyeimba alipokuwa akichanganya saruji. Baba Tabitha alimtengenezea kitanda ili asilale chini, naye akawashukuru kwa mbegu alizozikunja ndani ya karatasi ya sigara. Hamkuwa na lugha moja. Aliwaonyesha kwa mikono jinsi ya kuzipanda, akawaonyesha jinsi ya kukaanga maua yake, na siku mlipoyakaanga kwa mara ya kwanza alisimama karibu na sufuria akafumba macho, akainusa harufu ile, machozi yakamtoka. Jina la mboga hiyo, zukini, alilitamka mara nyingi hadi likakaa midomoni mwenu. Neno hilo halimo katika kamusi niliyo nayo. Nililitafuta, sikuliona, kisha nikalikubali kwa sababu nililipokea kwako.

Mimi niliziangalia zile mbegu nikaona ni mbegu za maboga tu, na katika mambo ya maboga sikuona haja ya kuuliza mtu. Nililelewa kwa maboga kule Maragoli. Nilipoolewa mama yangu alinipa mbegu za maboga yake ya mistari, yale yenye kikonyo kigumu chenye pembe, nami nikazipanda kila mwaka popote kazi iliponipeleka. Basi nikazichimbia mbegu zako mashimo mapana, nikazitengea nafasi ya kutambaa, nikang'oa hata vitunguu ili zisikose njia. Nikangoja. Miche ikaota, ikanenepa, ikaongeza majani makubwa yenye miiba, lakini haikwenda popote. Nilidhani imepooza. Nikaitilia samadi zaidi. Zikatokea zukini ndefu za kijani, laini, na mimi, kama mtu yeyote aliyelelewa kwetu, nikaziacha zikomae. Kwetu mtoto akikata boga changa huchapwa. Moja ikakua mpaka ikawa ya kubebwa mgongoni kwa kanga. Nikaipandisha juu ya dari ya jikoni, kama tunavyohifadhi maboga, kisha Jumapili moja nikaipika, nikakualika.

Ilikuwa maji matupu, na kambakamba ndani yake. Ulitafuna kwa adabu, ukameza, ukaweka kijiko chini. Ukasema, "Mwalimu, huyu alipaswa kuliwa akiwa mtoto. Umemlea hadi amezeeka."

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu yeyote athubutu kunicheka mezani kwangu. Nilijiandaa kukasirika, lakini kicheko kikanitangulia, nikacheka mpaka nikavua miwani. Ulipoona hivyo ukacheka na wewe, kile kicheko chako cha kifuani, na nadhani urafiki wetu ulianza hapo, mbele ya sahani ambazo hakuna aliyezimaliza.

Kisha uliinuka ukaenda kwenye bakuli la maganda, ukaziokota mbegu, ukazigeuza kiganjani. Uliniambia kwamba zukini ya kuliwa huchumwa changa, na ya mbegu ndiyo huachwa izeeke. Lakini hizo ulikataa kuzihifadhi. Uliyatazama maboga yangu yaliyokuwa yametambaa mpaka kwenye wigo, ukasema nyuki hawaoni wigo. Nyuki akitoka kwenye ua la boga akaingia kwenye ua la zukini, mbegu zitakazopatikana zitakuwa za mtoto wa watu wawili, na hakuna ajuaye atafanana na nani.

Hapo ndipo uliponialika nije siku iliyofuata, jua likielekea kushuka, nione unavyofanya. Ninaikumbuka saa ile kuliko saa nyingi za maisha yangu. Ulikuwa umeifumua sweta nyekundu ya shule ya Tabitha, iliyotoboka viwiko, na nyuzi zake zilikuwa zimeviringwa ndani ya kikombe kisicho na mkono. Ulinionyesha ua jike, lenye kizukini kidogo chini yake kama kidole cha mtoto mchanga, na ua dume, lililosimama peke yake juu ya kikonyo chembamba. Uliyachagua yale ambayo yangefunguka kesho yake, yale ambayo ncha zake zimeanza kugeuka manjano, ukayafunga midomo kwa uzi, taratibu, kama mtu anayemsuka mtoto anayesinzia. Asubuhi ulilikata ua dume, ukalivua majani yake ya manjano, ukalifungua ua jike, ukayakutanisha, kisha ukalifunga tena lile jike. Uzi uliuacha shingoni mwa zukini ili watu wote wa nyumba wajue kwamba hiyo haiguswi.

Watoto wa landi walikuja kuuliza kwa nini maua yako yamevaa utepe. Ukawajibu bila kugeuza uso, "Hayo yameposwa. Kayachezeeni yasiyo na wenyewe."

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeyagusa. Wengine walikuwa wakipita na kuuliza arusi ni lini.

Ulinifundisha na mengine, na mimi niliyezoea kusimama mbele ya watu nilisimama nyuma yako nikishika kopo la maji, nikiona raha. Mbegu ulizilaza usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, ukazifunga ndani ya kitambaa kibichi, ukaziweka karibu na jiko kwa sababu usiku wa Nakuru una baridi isiyozifaa. Zilipotoa mkia mweupe ulizitia katika vikombe ulivyovikunja kwa majani ya mgomba, kila mbegu ikiwa imesimama kwa ubavu, ili baadaye uvizike hivyo hivyo bila kuigusa mizizi. Udongo wetu huu ni mwepesi kama majivu na maji hupita ndani yake bila kukaa. Ukauwekea nyasi kavu juu. Ulimwagilia asubuhi, chini kwenye shina, kamwe si juu ya majani, kwa kuwa majani yakilala na maji huvaa ukungu mweupe. Ulinikemea mara mbili kwa jambo hilo. Nilistahili.

Katika miaka ile ya hali ya hatari, watu walipokuwa hawatoki mtaani bila kibali na sokoni hamna kitu cha maana, zukini zako zililisha nyumba nyingi zaidi ya yako. Ulizikata vipande vyembamba, ukazikaanga na kitunguu na nyanya, ukazipeleka kwa mtu yeyote aliyekuwa na ugali mkavu. Maua dume yaliyobaki uliyachovya katika unga wa ngano uliokorogwa na yai, na Jumamosi tulikuwa tukiyala yakiwa ya moto, tumesimama, wewe upande wako na mimi upande wangu. Ulikuwa ukinisomea somo la kesho yake la kanisani nikusikilize kama umepumzika mahali panapotakiwa. Ulipumzika vizuri. Sijasikia mtu akisoma hivyo tena.

Sasa nije kwenye yale ambayo huyajui.

Ulipolazwa, mvua ilikuwa imeanza na zukini zako zilikuwa zinachanua. Nilikuja kukutazama kila nilipoweza. Siku ile ambayo hukuweza tena kukaa, ulinishika mkono ukasema, "Mwalimu, Tabitha hana mahali pa kupanda bado. Nishikie mbegu mpaka apate." Nilikujibu kwamba nitazishika. Wakati huo Tabitha na mumewe walikuwa Naivasha, katika chumba kimoja ambacho mlango wake unafunguka barabarani. Sikufikiri kwamba ni jambo kubwa uliloniomba. Nilidhani kushika mbegu ni kuzitia ndani ya kopo na kufunga kifuniko.

Baada ya kukuzika, Baba Tabitha aliniletea zukini moja ngumu, iliyozeeka vizuri, akasema uliiacha kwa ajili ya mbegu. Zile za zamani panya walikuwa wamezila nyumba ilipokuwa kimya. Niliigeuza zukini ile nikitafuta uzi. Haukuwepo. Nikajiambia kwamba labda umekatika kwa mvua. Sikutaka kukumbuka kwamba ilichanua wewe ukiwa hospitalini, na kwamba hapakuwa na mtu wa kuyafunga maua.

Nilizipanda mwaka uliopita, zote, kwa namna uliyonifundisha. Ziliota nami nikamshukuru Mungu. Zilikuwa zimejikunyata barabara kama zako, na kila asubuhi nilitoka nikazitazama kabla ya kuwasha moto. Nilimwandikia Tabitha kwamba mbegu za mama yake ziko salama. Kisha, mara baada ya maua ya kwanza, shina moja likanyoosha mkono. Kesho yake jingine. Baada ya siku chache yalikuwa yanatambaa kuelekea kila upande, na matunda yaliyotokea yalikuwa ya mviringo, yenye mistari, na kikonyo kigumu chenye pembe.

Niliyajua, Mama Tabitha. Yalikuwa na uso wa maboga ya mama yangu.

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimekuahidi jambo moja tu, na maboga yangu mwenyewe yalikuwa yamevuka wigo na kulifuta. Nora alinikuta hapo. Aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia siumwi. Akayatazama yale matunda akasema kwa sauti yake ile, "Lakini Mwalimu, hii chakula si imekuja mingi? Sasa unalilia nini?" Ungeshangaa: sikumsahihisha. Nilimweleza habari yako tangu mwanzo, tangu kwa yule Mtaliano, naye akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaruka wigo, akaanza kupita katikati ya majani akiyainua moja moja, akiyasemesha kama anatafuta yai lililofichwa.

Akaita. Kule pembeni, chini ya majani ya wengine, lilikuwepo shina moja fupi, lililodumaa kwa kukosa jua. Lilikuwa limekaa pale pale lilipoota. Chini yake palikuwa na zukini moja, ndefu, ya kijani, yenye kikonyo laini. Nadhani kati ya nyuki wote waliolitembelea ua lile ulipokuwa kitandani, mmoja alikuwa ametoka kwenye zukini zako mwenyewe.

Shina moja. Kama lingekufa, au kama mbegu zake zingechanganyika tena, hapakuwa na lingine popote ninapopajua.

Niliitafuta sweta nyekundu. Sikuwa na ya kufumua, kwa hiyo nilifumua ile skafu nyekundu niliyoifuma mwenyewe nilipostaafu. Jioni nilifunga ua jike la kwanza, nikalikaza mno, likakatika. Jingine lilifunguka kabla sijaamka vizuri, na nilipofika nyuki alikuwa anatoka ndani yake akiwa mwili mzima umejaa unga wa manjano. Nilimfuata kwa macho. Aliruka moja kwa moja kwenye maua ya maboga yangu, akazama humo kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Nikarudi ndani nikanywa chai. Nilipotoka nikaanza kuyang'oa maboga ya mama yangu.

Sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Yalikuwa yamechanua, mengine yameshika matunda makubwa kama ngumi. Majani yake nilikuwa ninayachuma kila wiki. Tangu nilipoolewa sijapata kumaliza mwaka bila boga la mama yangu ndani ya nyumba, hata mwaka niliomzika yeye mwenyewe. Lakini mbegu zake ninazo za kutosha, katika kibuyu, kavu, nazo zinajua kungoja. Za kwako hazikuwa na kibuyu. Niliyang'oa yote, pamoja na yale yaliyochanganyika, nikayaburuta mpaka kwenye shimo la takataka. Ninajua nyuki hutembea mbali na landi hii ina maboga mengine. Nilitaka tu wasitoke kwangu.

Nora alisimama kwenye wigo na mtoto kiunoni, akitazama. Jioni, bila kuitwa, aliingia, akainyoosha mikono yake akasema nimpe huo uzi. Ana vidole vyepesi. Alilifunga ua jike lililokuwa tayari, na dume lake pembeni, akarudi nyuma kuyatazama. "Mwalimu," akasema, "hata maua siku hizi unaweka kizuizini? Imefanya makosa gani?"

Nikamwambia, "Yameposwa."

Hakuna mtu aliyekuwa amelitamka neno hilo katika bustani zetu tangu ulipoondoka. Nora alicheka mpaka mtoto akaanza kulia, kisha akauliza mahari ataila nani. Nikamwambia kwamba mahari ataila Tabitha.

Asubuhi tulikuwa pale kabla ya nyuki. Ua lilishika. Siku zilizofuata mengine yalianguka kwa sababu shina lilikuwa dhaifu, lakini lile moja lilishika, nami nikaliwekea nyasi kavu chini ili zukini isilale juu ya unyevu. Kuku wa Nora walifungiwa. Sikuombwa hata mara moja kueleza kwa nini; Nora aliwaambia majirani wote kwamba kuna bibi arusi mle ndani. Watu waliopita kwenda mferejini walisimama kuuliza habari zake. Mzee wa nyumba ya mwisho, yule asiyemsalimu mtu, aliniuliza kama amenenepa.

Iliiva, ikawa ngumu kama mbao, ikageuka rangi ya dhahabu iliyofifia. Niliikata kwa kisu cha mkate, polepole, nikiogopa. Mbegu zilikuwa zimejaa. Niliziosha, nikazianika kivulini juu ya gazeti, nikazigeuza kila siku, na usiku nililala nazo chumbani kwa ajili ya panya.

Hata hivyo sikuwa na hakika. Mbegu haisemi ilivyo mpaka iote. Ndiyo maana sikukuandikia wakati ule, ingawa kalamu niliishika mara kadhaa. Nilingoja mvua hii. Sikupanda maboga, nilipita karibu na kibuyu cha mama yangu nikamwambia avumilie mwaka mmoja. Nilipanda zako peke yake, nikangoja majani, nikangoja maua, kisha nikangoja ule wakati ambao mwaka jana zilininyooshea mkono. Wakati ule ulifika ukapita. Zilikaa. Zote zimekaa pale pale, na zukini zake ni ndefu na laini, na Jumamosi iliyopita tuliyakaanga maua yake katika unga wa ngano, mimi upande wangu na Nora upande ule. Alisema yanahitaji pilipili. Nilimwambia kwamba wewe usingekubali. Akatia pilipili.

Tabitha alikuja. Mumewe amepata kazi kwenye shamba moja upande wa Subukia, karibu na Kabazi, na wamepewa nyumba yenye kipande cha kulima mpaka mtoni. Alikuja na mtoto anayeanza kutembea. Hukumwona huyo. Ni msichana, na wamempa jina lako. Kwa miaka yote tuliyoishi sikukuita hata siku moja kwa jina lako, kama ilivyo heshima kwa mama wa watu, na wewe hukuniita kwa langu. Sasa mtoto yule aliingia katikati ya zukini akashika ua lililofungwa, nami nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiita, "Rahabu, toka huko, hilo limeposwa." Tabitha alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka akatazama ukutani kwa muda, nami nikamwacha atazame.

Nilimpa mbegu zake ndani ya kopo, na uzi mwekundu umeviringwa juu yake, kwa sababu mbegu bila uzi nimejifunza hazifai kitu. Nilimfundisha jioni ile ile. Ana mikono yako. Hakulikata hata ua moja. Akaniuliza kama kule Kabazi watu wanapanda maboga. Nikamwambia kwamba wanapanda kila mahali, na kwamba nyuki hawaoni wigo.

Sasa nimekwisha kukueleza. Nilichokishika nimekitoa mkononi, na mkono umebaki mwepesi kiasi kwamba sijui niuweke wapi. Mwakani nitaanza tena kupanda maboga ya mama yangu, upande ule wa mfereji wa zamani, mbali na zako, kwa maana nimegundua kwamba siwezi kumwambia mama angoje miaka miwili. Zako nitazipanda hapa karibu na wigo. Maadamu ninaweza kuinama, maua yatafungwa. Nisipoweza, nitaketi juu ya ndoo nimwelekeze Nora, naye atabishana nami, na kazi itafanyika.

Lala salama, Rahabu. Nimelisema mara moja, nisamehe.

Zukini nyingine tumekwisha kuzichuma. Moja nimeiacha shinani, ina uzi mwekundu shingoni. Kila asubuhi Nora ananiuliza kama nimeisahau, na kila asubuhi ninamwambia aiache izeeke.

Jirani yako wa upande wa pili wa wigo,

Mwalimu